Stedi Ipanuliwe ama Itengenezwe Kwanza? Soma Hii Kabla Ubishane na Wasee wa Stage

Kama umewahi kukaa stage ya Kiminini Jumapili jioni, mats zimepungua na boda zimejipanga zikingoja abiria, hii stori unaijua. Mtu anaanza na Homeboyz, mwingine anaingiza Ingwe, na kabla chai iishe kwa kikombe ubishi umefika kwa stedi. Upande mmoja unasema Bukhungu ipanuliwe hadi ifanane na zile tunaona kwa TV. Upande mwingine unauliza, kama hata hizo viti ziko hazijai, za kuongeza ni za nani? Ubishi huisha tu juu mtu amepata abiria wa Sikhendu.

Leo tumalize hii maneno. Mimi niko na upande wangu na nitakushow mwishoni. Lakini kwanza pata rada, ndio next time ukibonga wasee wanyamaze.

Stedi ni ya nani?

Shabiki wa Man U akisema "stedi yetu" hadanganyi. Old Trafford ni ya klabu. Anfield ni ya Liverpool. Klabu ikitaka kuongeza jukwaa, inatafuta pesa yenyewe, na ikiharibikiwa ni shida yake.

Huku kwetu mambo ni tofauti. Nyayo na Kasarani ziko chini ya Sports Kenya, shirika la serikali. Bukhungu ni ya Kaunti ya Kakamega, na Masinde Muliro pale Kanduyi iko chini ya Kaunti ya Bungoma. Ingwe ilianza 1964, Gor ikaanza 1968, na pamoja na mashabiki wote hao, hakuna hata moja iko na stedi yake. Katiba ya 2010, kwa ile Jedwali la Nne, ilipea kaunti kazi ya kuangalia viwanja vya michezo.

Maana yake ni hii: ukisema "tupanue stedi," hautumii pesa ya klabu. Unatumia ushuru. Ni ile kapu moja inatoa dawa za dispensari, walimu wa chekechea na barabara ya murram kwenu. Kwa hivyo usishangae mama mboga ambaye hajawahi kuona hata kona ikipigwa akiwa na maoni kuhusu Bukhungu. Ni pesa yake pia.

Na kuna kitu ingine. Stedi isipokuwa ya klabu, mwenye nyumba ndiye huamua lini ipendeze. Cheki kalenda. Bukhungu iliandaa Mashujaa Day 2018. Stedi ya Mamboleo kule Kisumu ikaandaa Madaraka Day 2021. Masinde Muliro ikapata zamu yake Juni 1, 2024, Madaraka Day ilipokuja Bungoma. Gava ikileta sherehe kaunti yako, mafundi hufanya kazi hadi usiku. Sherehe ikiisha, shabiki anarudi kuuliza mbona choo hakina maji.

Wanaotaka ipanuliwe wako na point

Tusiwachekelee. Desemba 2017, CECAFA Senior Challenge ililetwa Kenya, na mechi zikachezwa Machakos na Kakamega. Harambee Stars ilifungua mashindano hapo Bukhungu dhidi ya Rwanda, ikashinda 2-0, na mwishowe ikabeba kombe kwa penalti ikicheza na Zanzibar. Kwa mtu wa Western aliyezoea kuona Stars kwa TV tu, hiyo ilikuwa kitu kubwa. Bila ile kazi ilikuwa imefanywa Bukhungu, hizo gemu hatungezionja.

Alafu kumbuka aibu ya 2024. Viwanja vyetu vikubwa vilikuwa vinakarabatiwa na hakukuwa na stedi hata moja imepitishwa, kwa hivyo Stars ikawa inacheza "nyumbani" kwa watu. Juni ilikuwa Lilongwe, Malawi, dhidi ya Burundi na Ivory Coast. Septemba ikawa Namboole, Kampala, dhidi ya Zimbabwe. Nchi nzima, kaunti 47, na hatuna mahali pa kukaribisha mgeni! Sasa AFCON 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania, na wasee wanauliza mbona Western isijipange mapema. Hilo swali ni halali.

Pia kuna biashara. Siku ya gemu kubwa, mwenye boda, mwenye hoteli, msee wa jezi na mama wa mahindi choma wote wanaenda nyumbani na kitu.

Sasa tupige hesabu

Mimi niliacha chuo nikiwa second year, kwa hivyo usiogope, hii hesabu ni ya kidole.

Ligi Kuu iko na timu 18, so kila timu inacheza gemu 17 nyumbani. Tuseme stedi yako inabeba watu 8,000. Gemu ya kawaida, Jumatano saa tisa jua likichoma, wanakuja 1,500. Gor na Ingwe wakikuja, inafurika. Ongeza gemu moja moto ya mwisho wa msimu. Hizo ni gemu 3 za kujaa kati ya 17. Gemu 14 zilizobaki, viti 6,500 vinakaliwa na upepo.

Panua sasa hadi 15,000. Kwa zile gemu 3 umeongeza watu 7,000 kila mara. Kila mtu akilipa soo mbili, hiyo ni 1.4M kwa gemu, 4.2M kwa msimu mzima. Na hapo hujalipa polisi, wasafishaji na watu wa geti. Kama hilo jukwaa jipya liligharimu, tuseme, 400M, utangoja miaka 95 pesa irudi. Wewe, mimi na hata mtoto wa darasa la kwanza hatutakuwa tunabishana kwa stage tena.

Hizi namba ni za mfano, badilisha na zako. Lakini utaona kitu kimoja: kinachobadilisha maisha ya klabu si zile gemu 3. Ni zile 14. Ukitoa watu kutoka 1,500 hadi 4,000 kwa gemu za kawaida, umeongeza watu 2,500 mara 14. Hiyo ni tiketi 35,000, yaani 7M, na hujaongeza hata kiti kimoja.

Na hao 2,500 hawakosi kuja juu ya viti. Wanakosa juu ya paa, maana jua na mvua ya Western unazijua. Wanakosa juu ya choo, haswa masistee wetu. Wanakosa juu stedi nyingi za kaunti hazina taa, so gemu lazima iishe mchana, wakati msee wa kazi bado ako job. Na wa Kiminini wanakosa juu ya njia: Kakamega, Malava, Webuye, Misikhu, Kamukuywa, hadi ufike hapa, na mats za usiku ni za kubahatisha.

Geti ndio huua

Hapa tuongee polepole kidogo. Oktoba 23, 2010, Nyayo, derby ya Gor na Ingwe. Watu walisukumana wakiingia, na mashabiki 7 wakafa. Saba. Walitoka nyumbani wamevaa jezi na hawakurudi. Hawakufa juu Nyayo ni ndogo. Shida ilikuwa jinsi watu walivyoingia.

Miaka 15 baadaye, Agosti 2025, CHAN iko Kasarani, stedi ya viti karibu 48,000. Watu wakaingia kwa nguvu bila tiketi kwa gemu za mwanzo. CAF ikafanya nini? Ikapunguza mashabiki hadi 27,000 kwa mechi ya Kenya na Zambia. Yaani viti karibu 21,000 vilikuwa hapo, vimejengwa, vimelipiwa, na hakuna mtu aliruhusiwa kuvikalia, juu ya geti na tiketi. Ukiniuliza, hiyo ndio jibu fupi zaidi kwa kila mtu anadhani ukubwa ndio dawa.

Mimi mwenyewe nimewahi kubanwa kwa geti ya stedi fulani, jina siitaji. Geti moja imefunguliwa nusu, mzee mmoja nyuma yangu ameshika mtoto mkono, na kila mtu anasukuma juu amesikia isikuti ndani akajua gemu imeanza. Nilimbeba huyo mtoto juu ya kichwa hadi tukapita. Tulipoingia ndani, nusu ya jukwaa ilikuwa tupu. Hiyo kitu haijawahi kunitoka.

Majirani wamefanyaje?

Dar es Salaam kuna Benjamin Mkapa, stedi ya serikali ya watu 60,000, na Simba na Yanga huijaza kwa gemu kubwa. Lakini Azam FC walienda njia yao. Walijenga Azam Complex kule Chamazi, stedi ndogo tu, karibu watu 10,000, lakini ni yao, iko na taa, na mechi za CAF zimechezwa hapo. Uganda, Vipers wako na St Mary's kule Kitende, mali ya klabu, na hadi timu ya taifa imewahi kuchezea hapo. Stedi inayofanya kazi, hata ikiwa ndogo, hupata wageni.

Na usidhani wazungu hupanua ovyo. Liverpool walibishana miaka mingi kama wahame Anfield. Oktoba 2012 wakaamua kubaki na kujenga polepole: jukwaa kuu jipya 2016, kisha upande wa Anfield Road hadi wakafika zaidi ya 61,000 mwaka 2024. Hata hapo katikati kandarasi wao alifilisika 2023 na kazi ikachelewa. Lakini walikuwa na uhakika viti vitajaa, juu foleni ya wanaongoja tiketi za msimu ilikuwa ndefu kama ya uchaguzi.

Arsenal nao walitoka Highbury ya watu 38,000 wakaingia Emirates ya 60,000 mwaka 2006. Stedi ilikuwa inajaa. Hata hivyo, deni lilibana klabu, na kutoka kombe la FA la 2005 hadi la 2014 hawakushinda kitu. Miaka 9! Gunners wa Kiminini, mnajua hiyo njaa ilikuwaje. Kama Arsenal, na pesa yote ile, ilisikia uzito wa stedi kubwa, timu ambayo wachezaji wake wakati mwingine hungoja mishahara itafanyaje?

Upande wangu

Sisi hapa ni watu wa mahindi. Hakuna mtu Trans Nzoia hujenga ghala kubwa kabla apande. Kwanza unatayarisha shamba, unanunua mbegu, unapalilia. Mavuno yakianza kumwagika nje, hapo sasa unaita fundi.

Kwa hivyo mimi nasema itengenezwe kwanza, ipanuliwe baadaye. Geti nyingi na pana. Tiketi za simu, ndio ijulikane mapema ni watu wangapi wanakuja. Vyoo, paa, taa, nyasi nzuri. Gemu za kawaida zikianza kujaa misimu miwili mfululizo, hata mimi nitabeba mawe ya msingi.

Lakini kubonga kwa stage hakujengi geti. Kuna mahali pa kupeleka hii ubishi. Kila kaunti lazima iweke mezani mpango wake wa maendeleo wa mwaka kabla ya Septemba 1, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Kabla zipitishwe, sheria inasema wananchi waitwe watoe maoni. Ile mikutano MCA hutangaza na wewe unapita tu ukidhani ni ya wazee wa kijiji, ndio hiyo. Mashabiki wa Kakamega wanaweza kuuliza kuhusu Bukhungu. Sisi wa Kiminini ushuru wetu uko Trans Nzoia, kwa hivyo swali letu ni la Kenyatta Stadium pale Kitale: ni geti ngapi? Taa zinawekwa lini? Nani hutunza nyasi?

Enda na mbogi yako, watu 10 tu, mmevaa jezi zenu. Muulize swali moja na lijibiwe kwa maandishi. Msee wa bajeti amezoea kelele ya wanasiasa. Mashabiki 10 wenye hesabu watamshtua.

Alafu Jumapili tukutane stage tumalizie ubishi. Chai ni juu ya yule atakuja na majibu.