Telefone ya zamani na sertifika ya bure

Tangu sendika ilifungua ukurasa wake ku intaneti, wandugu wengi wa kazi wanatuuliza swali moja: "Kampuni njo imeufunga?" Wanaandika adresi, telefone inatoa alama nyekundu na maneno ya Kifaransa yenye kusema kama muunganisho si wa siri. Wengine wanaacha. Wengine wanabonyeza tu "endelea" bila kusoma, juu hapo njo mahali pa kuandika ripoti ya ajali ao kutuma picha ya fishi ya mushahara.

Jibu ni hapana. Kampuni haikugusa kitu. Shida iko mu telefone yenyewe, na inafaa kuieleza polepole, juu mafundi wakiulizwa wanajibu kwa maneno yenye kufukuza watu.

Ukurasa wenye adresi inayoanza na https uko na sertifika. Inafanya kazi mbili: inaonyesha kama unaongea na adresi ile kweli, si na mwizi aliyejiweka katikati, tena inafunga maneno ili mutu wa njiani asiyasome. Kwetu hii si mapambo. Wengi wanaingia ku intaneti kwa wifi ya kambi, na wifi ya kambi ni ya mukubwa wa kazi. Bila ile "s" ya mwisho, mwenye kushika mashine ya wifi anaweza kusoma jina lako, namba yako ya kazi, na kila kitu uliandika juu ya usalama mu shimo.

Zamani sertifika karibu zote zilikuwa za kulipa. Mu mwaka 2015, Let's Encrypt ikaanza kuzitoa bure. Ni kazi ya shirika moja la Marekani lisilotafuta faida, lililoanzishwa na watu wa Mozilla, wa EFF na wa Chuo Kikuu cha Michigan. Sertifika yake inadumu siku 90, na programu ndogo mu serveri inaomba ingine yenyewe. Mufanyabiashara mumoja wa mambo ya intaneti alituambia kama cha bure ni cha watoto, tulipe yake kila mwaka. Tulikataa. Namna ya kufunga maneno ni ile ile. Ya kulipa inaweza kuongeza uhakikisho wa jina la kampuni, na mutu wa kupigia telefone. Maneno hayafungwi zaidi. (Tena tuseme wazi: hata mwizi anaweza kupata sertifika. Inasema adresi ni ile, haisemi mwenye adresi ni mutu wa haki.)

Sasa, kwa nini telefone inakataa? Fikiria bariere ya mugodi. Mulinzi hajui kila mutu anayetoka na gari. Iko na listi ya wakubwa wenye ruhusa ya kutia sahihi ku bon ya kutoka. Sahihi ikiwa ku listi, unapita. Isipokuwa, unabaki, hata kama bon yako ni ya kweli. Telefone nayo iko na listi kama hiyo, na iliipata siku ilitoka mu kiwanda. Let's Encrypt ilipoanza, haikuwa ku listi ya mutu yeyote. Kwa hiyo mukubwa wa zamani, IdenTrust, alitia sahihi pembeni ya sahihi yake, kusema: huyu mupya, namujua. Bariere zote zikafunguka.

Ile sahihi ya zamani ya IdenTrust ilikuwa na mwisho: tarehe 30 Septemba 2021. Android zilipata jina la Let's Encrypt mu listi yao tangu 7.1.1 tu. Zile za nyuma, kama haikupata mise à jour, hazilijui mpaka leo. Mu 2020 Let's Encrypt yenyewe ilihesabu kama telefone za Android karibu 34 mu 100 zitabaki inje.

Hapo wakapata hila moja ambayo sisi watu wa migodi tunaielewa upesi. Mulinzi wa Android anaangalia kama jina liko ku listi; haangalii kama mukubwa yule amekwisha kwenda pension. Kwa hiyo IdenTrust ilitia sahihi karatasi ingine, yenye kupita tarehe ya pension yake, na telefone za zamani zikaendelea miaka mitatu. Karatasi hiyo ilikwisha tarehe 30 Septemba 2024, na mbele ya hapo, mu Juni, Let's Encrypt iliacha kuigawa. Walieleza kama sasa Android 93.9 mu 100 zinawajua wao wenyewe.

Hesabu yao hatuikatai. Lakini zile sita zilizobaki ziko mufukoni mwa nani? Si mwa injenieri. Ziko mwa mutu aliyeuza telefone ya mukono wa pili ku soko, yenye Android 5 ao 6, na mwa kijana wa sous-traitance ambaye mushahara wake hautoshi hata kwa chakula cha watoto. Hao njo wanapata ajali mingi, na hao njo tunataka waandike.

Ukiona alama nyekundu, angalia kwanza tarehe ya telefone. Batri ikikufa kabisa, telefone zingine zinarudi miaka ya nyuma, na hapo kila sertifika inaonekana mbaya. Kama tarehe ni sawa, jaribu Firefox ikiwa telefone inaikubali: yenyewe inabeba listi yake, haiulizi ile ya telefone. Usikubali mutu wa soko akuingizie listi mupya kwa bluetooth. Mwenye kuandika jina ku listi yako anaweza kujiweka katikati na kusoma kila kitu. Na usibonyeze "endelea". Siku ile mwizi atakuwa katikati kweli, alama itakuwa ile ile.

Wengine mu kamati walitaka tutoe ile "s", ili kila telefone ipite. Tulipinga: ripoti ya ajali yenye kusomwa mu ofisi ya kambi ni mubaya kuliko ripoti isiyoandikwa. Kijana anayetunza ukurasa akapata njia ingine. Google nayo inatoa sertifika za bure, na yake imetiwa sahihi na GlobalSign, mukubwa wa zamani sana ambaye hata hizi Android 5 zinamujua. Alibadilisha kwa siku moja, na hatukulipa hata franka.

Sahihi hiyo ya GlobalSign inakwisha Januari 2028. Tangu posho ijayo, kila delege ataandika telefone za poste yake ni Android namba gani, ili tujue mbele ya tarehe hiyo ni wangapi watabaki inje.