Programu ya Zamani, Keneli Mpya: Tusikimbilie Kurudi Nyuma

Kila muhula wa utafiti naitwa maabara kwa kesi ile ile. Kompyuta imeapdetiwa, halafu programu ya mwaka 2010 iliyobeba data za tasnifu ya mtu inagoma kufunguka. Inakufa papo hapo, hata kusema kwa nini haisemi. Mmoja anailaani Linux, mwingine anataka turudishe keneli ya zamani. Huyo wa pili ndiye ninayebishana naye.

Keneli ni kiini cha mfumo endeshi. Programu haigusi diski wala kumbukumbu kwa mikono yake, inaiomba keneli. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991, ni mkali sana kwamba keneli mpya isivunje programu iliyokuwa ikifanya kazi. Sasa mbona zinavunjika?

Wakati mwingine ni namba tu. Mwaka 2011 toleo 2.6.39 lilifuatwa na 3.0, bila mapinduzi yoyote ndani. Lakini kuna programu zilizotegemea kuona "2.6", zikachanganyikiwa. Ikabidi keneli iwekewe njia ya kujitambulisha kwao kama 2.6.40. Yaani inadanganya umri, jamani!

Kesi nzito ni ya vsyscall. Zamani programu ikitaka kujua saa iliruka moja kwa moja kwenye anwani maalumu ya kumbukumbu, ile ile katika kila mashine. Ilikuwa njia ya haraka, ila mdukuzi naye alijua pa kukanyaga. Ndiyo maana baadhi ya matoleo ya Linux, Debian ikiwemo, yaliufunga mlango huo. Programu zinazotumia glibc ya kabla ya 2.14, kama za CentOS 6, bado zinaukimbilia, zinagonga ukuta na kuanguka. Kuiweka ndani ya kontena la Docker hakusaidii, kwa sababu kontena halina keneli yake, linatumia ya mashine mwenyeji.

Mwombe fundi wa maabara aongeze vsyscall=emulate kwenye amri za kuwashia keneli, kisha awashe mashine upya. Keneli itauigiza ule mlango wa zamani, polepole kidogo lakini kwa usalama zaidi. Ukirudisha keneli nzima ya zamani kwenye mashine iliyo kwenye intaneti, unafungua upya matundu yote yaliyokwisha kuzibwa, na humo ndani kuna tasnifu za wenzako pia.

Programu ikifunguka tu, hamishia data zako kwenye CSV siku hiyo hiyo.