Majani Sita Kabla ya Kuiamini Simu

Batobato na michirizi kahawia ni magonjwa mawili ya virusi yanayowatia hasara kubwa wakulima wa muhogo Afrika Mashariki. Yote mawili huenezwa na inzi weupe, na huenezwa pia na sisi wenyewe tunapokata pingili kwenye mmea mgonjwa na kuzipanda msimu unaofuata. Batobato huonekana upesi: majani machanga hujikunja na kuota mabaka ya njano. Michirizi kahawia hujificha zaidi. Dalili zake hukaa kwenye majani ya chini yaliyokomaa, na mara nyingi mkulima hugundua siku ya kuvuna, anapoukata muhogo na kukuta umeoza kwa ndani.

Hapo ndipo akili mnemba ilipoingia shambani. Nuru ni programu ya simu iliyoundwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, pamoja na watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki (IITA). Ilifunzwa kwa picha za majani ya muhogo, zikiwemo zilizopigwa kwenye mashamba ya utafiti nchini Tanzania. Mkulima huelekeza kamera kwenye jani, na simu humpa jibu kwa Kiswahili, hata pasipo intaneti.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliipima Nuru pamoja na binadamu. Nuru ilipatia kwa asilimia 65, maafisa ugani kati ya 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Wengi wangeishia hapo na kusema mashine imeshinda. Lakini utafiti huohuo una tarakimu yenye uzito zaidi: yalipokaguliwa majani sita ya kila mmea, usahihi wa Nuru ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Programu haikubadilika. Kilichobadilika ni utaratibu wa kuitumia.

Huko ndiko kuiandaa jamii kwa akili mnemba ninakokupigania. Kugawa simu hakutoshi, na semina ya siku moja haitoshi. Watu wafundishwe kukagua jibu la mashine, wajue kwamba jani moja si ushahidi, na wawe na mtu wa kumuuliza jibu linapotia shaka. Hata usahihi wa asilimia 88 unaacha majibu 12 yenye makosa katika kila 100. Kosa moja laweza kumfanya mtu ang'oe mimea mizima, au amgawie jirani pingili zenye virusi. Kwa hiyo afisa ugani hapungui umuhimu Nuru inapofika kijijini. Anahitajika zaidi, maana ndiye wa kuamua pale simu na macho ya mkulima yanapopingana.

Utaratibu huu wa kutoamini jani moja unafaa hata nje ya shamba. Leo programu zinaweza kuiga sauti ya mtu. Mzazi akisikia sauti ya mwanawe ikilia na kuomba atumiwe pesa haraka, sauti hiyo ni jani moja tu. Akate simu, ampigie mwanawe kwa namba anayoifahamu, kisha awaulize ndugu walio karibu naye. Familia zikikubaliana hivyo mapema, tapeli atapata kazi ngumu.

Jukwaa la kujifunzia haya tunalo tayari. Nchini Tanzania, mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Mradi wowote unaoleta teknolojia hii usimame mbele ya mkutano huo na kujibu waziwazi: Programu ilifunzwa kwa taarifa za nani? Hukosea mara ngapi, na kwa nani zaidi? Picha na sauti zetu zitahifadhiwa wapi? Ikitutia hasara, nani atawajibika? Swali la taarifa lina nguvu ya kisheria: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ilitunga ya kwake mwaka 2019.

Kijiji kikiridhika na majibu, kiipokee teknolojia kwa mikono miwili, kwa kuwa faida yake ni ya kweli. Kisiporidhika, kina haki ya kuwaambia wenye mradi warudi wakajipange.