Pampu Mpya ya Pumu: Namna ya Kuiandaa na Kuitunza

Mtu mwenye pumu akipewa pampu ya kuvuta dawa hufurahi, maana ni ndogo, inaingia mfukoni, naye amesikia kwamba inafungua kifua upesi. Lakini wengine hurudi baada ya majuma mawili wakisema, "Pampu hii haina nguvu." Muuguzi akiitazama, kifuniko kimepotea na mdomo wa pampu umejaa vumbi la barabara. Tena mgonjwa akionyesha jinsi anavyovuta, dawa inatoka puani na mdomoni kama moshi wa kiko. Dawa ilikuwa nzuri, ila haikufika mapafuni.

Kwetu Pepa, juu ya milima ya Marungu, jambo hili si dogo. Usiku wa kiangazi ni wa baridi, na baridi huamsha pumu. Katika miezi hiyo hiyo majani huchomwa milimani, matofali huchomwa karibu na nyumba, na mama hupika ndani kwa sababu ya upepo. Njia ya kushuka hadi Moba ni ndefu, na Kalemie ni mbali zaidi. Mtu akibanwa kifua saa nane za usiku, kitu kinachoweza kumsaidia ni kile kilicho nyumbani mwake. Kwa hiyo ni lazima kiwe tayari.

Pumu ni nini? Ndani ya mapafu mna vijia vingi vya hewa, vinagawanyika kama matawi ya mti. Kwa mtu wa pumu vijia hivyo vimevimba ndani na ni vyepesi kukasirika. Vikipata moshi, vumbi, baridi au mafua, misuli yake hukaza, kamasi nzito hujaa, na hewa hupita kwa shida huku ikipiga filimbi. Kidonge hupita tumboni na kwenye damu kwanza, ndipo kifike huko. Kinachelewa, tena kinasumbua mwili mzima. Dawa ya kuvuta huenda moja kwa moja penye ugonjwa, nayo huanza kazi katika dakika chache.

Zamani watu walivuta dawa hiyo kwa chombo cha kioo chenye mpira wa kubonyeza, nacho kilivunjika upesi. Dk. George Maison alifanya kazi katika maabara ya Riker huko Marekani, na binti yake mwenye pumu, wa miaka 13, alimwuliza kwa nini dawa yake isiwekwe ndani ya kopo la kupuliza kama dawa ya nywele. Pampu za kwanza za namna hii zilianza kuuzwa mwaka 1956. Dawa ya salbutamol, ambayo wengi wetu tunaijua, ilianza kutumika Uingereza mwaka 1969. Swali la mtoto limesaidia watu wengi sana!

Sasa tuitazame pampu yenyewe. Ina sehemu mbili: kopo dogo la chuma, na nyumba yake ya plastiki yenye mdomo na kifuniko. Ndani ya kopo mna dawa pamoja na gesi iliyogandamizwa hata ikawa maji. Chini ya kopo mna mlango mdogo wenye kipimo. Kila unapobonyeza, mlango unatoa kipimo kimoja tu, kisha unajazwa tena. Katika pampu ya kawaida ya salbutamol kipimo hicho ni maikrogramu 100, na kopo zima lina mipulizo 200. Hakuna beteri wala moto. Nguvu yote ni ya gesi na kidole chako.

Pampu ikiwa mpya, ule mlango mdogo bado haujajaa vizuri. Ondoa kifuniko, tikisa pampu kwa nguvu, kisha puliza hewani, mbali na macho, mara 2 hadi 4 kama karatasi yake inavyoagiza. Usione uchungu kwamba unapoteza dawa. Fanya vivyo hivyo kama pampu imekaa siku nyingi bila kutumika, au ikianguka. Kutikisa ni kwa kila mpulizo, si kwa siku ya kwanza tu, maana dawa na gesi huachana kopo likitulia. Na asubuhi ya baridi lishike kopo kwanza katika viganja vyako mpaka lipate joto. Kopo la baridi hutoa dawa vibaya. Wengine huliweka usiku katika mfuko wa nguo ya kulalia, nalo ni wazo jema.

Chupa ya kuvutia dawa

Dawa hutoka katika pampu kwa mwendo mkali sana. Kama hukubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, inapiga koo na kubaki hapo. Watu wazima wengi hawawezi jambo hilo vizuri, na mtoto hawezi kabisa. Kwa hiyo kuna chombo cha kukaa katikati ya pampu na mdomo, ambacho hupunguza mwendo wa dawa na kuishika kidogo mpaka uivute. Vile vya dukani ni vya bei kubwa, tena huku kwetu ni shida kuvipata. Lakini chupa ya plastiki ya nusu lita, ile ya maji ya kunywa, inaweza kufanya kazi hiyo.

Hili si jambo la kubahatisha. Huko Cape Town, Afrika Kusini, waganga walilijaribu kwa watoto waliobanwa na pumu, na mwaka 1999 walitangaza waliyoyaona. Chupa ya nusu lita iliyozibwa vizuri penye pampu ilisaidia sawa na chombo cha dukani. Chupa isiyozibwa ilisaidia kwa kiasi cha kati, na kikombe chepesi cha plastiki kilikuwa cha mwisho. Hebu shika neno hilo la kuziba, maana ndilo watu wanalolidharau.

Chagua chupa safi, iliyokuwa na maji. Chupa iliyotiwa petroli, mafuta ya taa au dawa ya wadudu haifai hata ukiiosha mara kumi. Toa kifuniko chake. Chukua waya, uupinde mpaka uwe na umbo sawasawa na mdomo wa pampu, uupashe moto kwenye makala, halafu ubonyeze katikati ya kitako cha chupa. Fanya kazi hii nje, maana moshi wa plastiki ni mbaya, na mwenye pumu asikae karibu. Kata tundu dogo kuliko unavyodhani. Tundu dogo linaongezwa, bali tundu kubwa haliwezi kupunguzwa. Mdomo wa pampu uingie kwa kubana. Palipo na nafasi, ziba kwa utepe wa kunatisha. Safisha ukingo wa tundu ili vipande vya plastiki visibaki ndani, maana vitavutwa pamoja na dawa.

Kabla ya kuitumia, ioshe chupa hiyo kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha iache ikauke yenyewe kwa hewa. Usiifute ndani kwa kitambaa. Sababu yake ni hii: plastiki kavu iliyosuguliwa hupata umeme mdogo, kama ule unaonyanyua nywele unapovua shati la nailoni, na umeme huo huvuta dawa na kuigandisha ukutani mwa chupa. Utando mwembamba wa sabuni huuzuia. Uoshe hivyo mara moja kwa mwezi. Chupa ikipasuka au ikilegea penye pampu, tengeneza nyingine. Ni chupa tu.

Kuvuta kwenyewe ni hivi. Kaa wima au simama. Tikisa pampu, iingize katika kitako cha chupa. Toa pumzi. Weka shingo ya chupa kati ya meno na ufunge midomo kuizunguka. Bonyeza mara moja, kisha vuta pumzi polepole kwa mdomo mara 4 hadi 6, bila kuondoa chupa. Ngoja kama nusu dakika, tikisa tena, ndipo upulize mara ya pili. Wako watu wanaopuliza mara tatu au nne mfululizo ndani ya chupa wakifikiri kwamba wanaongeza nguvu. Matone ya dawa yanagongana na kuanguka, na mgonjwa anapata kidogo kuliko angepata kwa kuvuta mpulizo mmoja mmoja. Mtoto mdogo asiyejua kushika chupa kwa midomo anahitaji kifuniko cha uso kinachokaa barabara juu ya pua na mdomo; mama aje hospitali aonyeshwe.

Mdomo wa pampu uwe na kifuniko daima. Imewahi kutokea katika nchi mbalimbali kwamba mtu amebeba pampu wazi mfukoni, sarafu ndogo ikaingia, naye akaivuta mpaka mapafuni. Kwetu fikiri punje ya mahindi, au mdudu. Tazama ndani kila mara kabla ya kuvuta.

Mara moja kwa juma, toa kopo na uliweke kando pakavu. Osha nyumba ya plastiki kwa maji ya uvuguvugu yapite juu na chini, hasa kile kitundu kidogo cha dawa, maana hapo hujikusanya unga mweupe unaoziba. Kung'uta maji, iache ikauke usiku kucha, rudisha kopo, puliza mara moja hewani. Kopo lenyewe lisitiwe katika maji kamwe. Watu hulitumbukiza katika beseni waone kama linazama au linaelea, eti wajue dawa iliyobaki. Kipimo hicho kinadanganya, tena maji huingia mlangoni. Njia ya kweli ni kuhesabu. Chukua daftari, piga mstari kwa kila mpulizo, na ukifika 200 pampu imekwisha, hata kama bado inatoa hewa. Hewa hiyo ni gesi tu. Anayevuta mara 8 kwa siku atamaliza kopo kwa siku 25, basi asingoje siku ya 25 kuanza safari.

Tukizungumza juu ya hesabu, daftari hilo lina kazi nyingine kubwa. Pampu ya salbutamol, ambayo mara nyingi ni ya buluu, hulegeza misuli tu. Uvimbe wa ndani unabaki. Anayemaliza kopo moja kila mwezi yumo katika hatari ya kufa kwa pumu, hata kama kila mara anapata nafuu. Huyo anahitaji dawa ya pili ya kuvuta, ya kutuliza uvimbe, kama beclometasone, inayotumika kila siku hata siku ambayo kifua ni chepesi. Dawa za kuvuta za pumu zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS). Baada ya kuvuta ile ya uvimbe, sukutua mdomo na kutema maji, usije ukaota utando mweupe ulimini. Usitegemee rangi ya pampu peke yake, maana viwanda hutofautiana. Msomee mzee wako jina lililoandikwa.

Je, pampu inamzoesha mtu kama tumbaku? Hapana. Mikono inaweza kutetemeka kidogo na moyo kwenda mbio kwa muda, kisha huisha. Wanaosema kwamba "pampu ni dawa ya mwisho, ukiianza huponi tena" wameona wagonjwa walioianza wakiwa wamechelewa mno. Siku hizi mijini kuna pia sigara za umeme, na vijana huona ni jamaa moja na pampu kwa kuwa vyote huvutwa. Sigara hiyo huchemsha maji ya nikotini kwa beteri. Nyingine hazina hata kinga ya kuzuia beteri isipate moto kupita kiasi. Marekani, kufikia Februari 2020, watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufa kwa ugonjwa mkali wa mapafu uliotokana na kuvuta vitu vya namna hiyo, na 68 kati yao walikufa. Wengi wao walikuwa wamevuta mafuta ya bangi yaliyochanganywa na mafuta ya vitamini E. Mwenye pumu akae mbali navyo, kama anavyokaa mbali na mbabula ndani ya chumba cha kulala.

Usiku wa shida, mkalishe mgonjwa, usimlaze. Mpe mipulizo 4 kwa chupa, mmoja mmoja. Ngoja dakika 20. Kama bado amebanwa, mpe 4 tena, na wakati huo huo mwenye pikipiki aamshwe. Usingoje asubuhi kama hawezi kumaliza sentensi moja, kama ngozi inaingia kati ya mbavu, kama mtoto hawezi kunyonya, au kama midomo inageuka rangi. Na filimbi ya kifua ikinyamaza huku mgonjwa akizidi kuchoka, hiyo si nafuu: hewa haipiti tena. Njiani endeleeni kumpa dawa.

Jambo la kikohozi kinachozidi majuma mawili, chenye homa na kukonda, si la pampu. Huyo aje apimwe makohozi.

Kopo likiisha, usilitupe motoni wala usilitoboe, maana linapasuka kwa kishindo. Wala usiliache juani kwenye kiti cha pikipiki. Lirudishe pamoja na daftari lako, nasi tutahesabu pamoja kabla ya kukupa jipya.