Je, Wajua? Shamba lisilo na dalali

Mchezo wa kompyuta wa Stardew Valley, uliotoka Februari 2016, ulitengenezwa na mtu mmoja tu, Mmarekani Eric Barone. Programu, michoro, muziki, hadithi: vyote vyake, kwa zaidi ya miaka 4. Mchezaji huacha kazi ya ofisini na kuhamia shamba alilorithi kwa babu yake. Kunguru wapo, ila sanamu ya kuwatisha hulinda mimea iliyo karibu. Utamu wenyewe uko sokoni: bei haishuki hata ukivuna shehena nzima (mkulima wa nyanya atacheka hapa). Barone alivutiwa na mchezo wa Harvest Moon wa 1996, uliobuniwa na Yasuhiro Wada, Mjapani aliyekumbuka maisha ya kijijini akiwa Tokyo.