Kisanduku cha waifai tukiweke wapi nyumbani?

Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, mimi na mke wangu hupanda chumbani kwetu juu, tukafunga mlango ili kelele za wajukuu zisituingilie, tukampigia simu ya picha dada yangu aliyeko Unguja. Dada ameshapita miaka 80 na masikio yake si mazima tena, kwa hiyo ni lazima aone midomo yetu ndipo apate tunachosema. Kwa miezi mingi simu hiyo ilikuwa adhabu. Picha inaganda, sauti inakatika, na dada anaita, "Haloo! Haloo! Mmenikatia?"

Ijumaa moja tulimsikia akisema "kesho asubuhi", kisha "hospitali", kisha kimya. Tukapiga tena na tena, hatukupata kitu. Usiku ule mke wangu hakulala, na mimi nilijifanya nimelala. Asubuhi mpwa wangu akatuambia kuwa dada alikuwa anakwenda kupimwa macho apewe miwani mpya. Basi, ndiyo khabari yote.

Lawama zote nilikuwa nimezipeleka kwa kampuni inayotuuzia intaneti. Niliwapigia mara tatu, na kila mara sauti yangu ilipanda zaidi kuliko inavyompasa mtu aliyekaa ofisini miaka 30 na zaidi akiwajibu watu kwa adabu. Mara ya tatu wakaleta fundi, kijana mpole ambaye bibi yake naye, alituambia, ni mzungumzaji wa Kiswahili. Akachomeka waya kutoka kompyuta yake hadi kwenye rauta, akapima, akanionesha: kasi iliyokuwa ikiingia nyumbani ni ile ile niliyoilipia. Kisha akaangalia pale rauta ilipokaa, akatabasamu. "Babu, hii mmeiweka au mmeificha?"

Nyumba yetu ni ya ghorofa mbili, hapa Al Khoud. Waya wa faiba unaingilia upande wa majlisi, mbele kabisa karibu na mlango wa nje, kama ilivyo katika nyumba nyingi za huku. Rauta yetu ilikuwa ndani ya kabati la televisheni, nyuma ya televisheni yenyewe, na pembeni yake yameegemezwa masinia mawili ya wali wa wageni na madele ya kahawa. Chumba chetu cha kulala kiko juu, nyuma, mwisho wa nyumba. Usingeweza kupanga vibaya zaidi hata ukijaribu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua ugonjwa uko wapi. Simama na simu yako hatua moja au mbili kutoka kwenye rauta, upime kasi kwa programu yoyote ya kupimia. Ikiwa hapo hapo pia intaneti ni nzito, huenda tatizo ni la laini ya nje au la rauta yenyewe, na kuihamisha hakutakusaidia; ipigie kampuni yako. Ikiwa hapo ni nyepesi na chumbani ni nzito, basi kampuni haina kosa. Kosa liko baina ya rauta na kitanda chako.

Waifai ni redio. Wazee wenzangu wanaokumbuka karabai watanielewa upesi. Karabai ulikuwa unaitundika wapi? Juu, katikati, pasipo na kitu cha kuizuia. Hakuna aliyeiweka ndani ya kabati akalalamika kuwa ua ni giza. Mawimbi ya rauta nayo husambaa pande zote, na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo yanavyodhoofika: mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili, nguvu inayokufikia hubaki robo tu. Tofauti ni kwamba mwanga wa karabai hukomea ukutani, na haya mawimbi hupenya, lakini kila ukuta hutoza ushuru wake.

Ushuru huo haulingani. Mlango wa mbao, pazia, kochi, hivyo havitozi sana. Ukuta wa matofali ya saruji hutoza kwa kweli. Zege lenye nondo, yaani nguzo na sakafu baina ya ghorofa, hutoza zaidi, na nyumba zetu za Ghuba zimejaa zege. (Jamaa walioko Mji Mkongwe nao wana mtihani wao: zile kuta nene za mawe na chokaa zinazotia baridi ndani ndizo zinazomeza waifai.) Chuma, shaba na alumini havimezi, bali hurudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha sura, na kioo cha kujitazamia chenyewe kina utando wa madini nyuma yake, kwa hiyo kabati la nguo lenye vioo virefu ni ukuta mwingine. Maji humeza. Tangi la samaki sebuleni ni zuri kwa watoto, lakini usiweke rauta nyuma yake. Na ile karatasi ya kung'aa wanayobandika madirishani kuzuia jua, mara nyingi ina chembe za madini. Ndiyo sababu watu wengine wakikaa barazani jioni, simu haipati kitu hata kama rauta iko nyuma ya dirisha lile lile.

Rauta nyingi za sasa hutumia masafa mawili, na katika orodha ya simu huenda ukaona majina mawili yanayofanana, moja likiwa na tarakimu 5. Masafa ya gigahezi 2.4 yana mawimbi marefu kidogo, kama sentimita 12, nayo hupenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali, ila kasi yake ni ndogo na yana msongamano. Oveni ya maikrowevu hufanya kazi katika masafa hayo hayo, kwa hiyo binti yako akipasha chakula jikoni, usishangae simu ikikwama dakika mbili. Masafa ya gigahezi 5 yana mawimbi mafupi, karibu nusu ya yale, yana kasi kubwa, lakini huchoka haraka mbele ya ukuta. Ukiwa chumba kimoja na rauta chagua 5. Ukiwa kuta mbili mbali, mara nyingi 2.4 itakuwa na subira zaidi. Wanaoishi kwenye majumba ya fleti, Ruwi au Deira au Sharjah, wao wana rauta za majirani kumi zinazopigiana kelele kwenye 2.4. Kwao 5 ni afadhali, na kama 2.4 haiepukiki, mtoto anayejua mambo haya aingie kwenye mipangilio achague chaneli ya 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache. Hizo tatu haziingiliani.

Sasa kuihamisha. Tulikaa na fundi tukatafuta katikati ya nyumba, si katikati ya majlisi. Kwetu ilikuwa chini ya ngazi. Ngazi ina faida ambayo sikuifikiria: ni tundu katika sakafu ya zege, na mawimbi yanapanda hapo bila kulipa. Kisanduku kinachopokea faiba kilibaki pale pale majlisi, kwa sababu ndani ya waya ule mna uzi wa kioo, na ukiukunja kona kali unaweza kuharibika, msiuguse wenyewe. Kutoka hapo alivuta waya wa kawaida wa mtandao, mita 14, ukipita chini kando ya ukuta hadi kwenye ngazi. Waya wa namna hiyo unaweza kwenda mpaka mita 100 bila taabu, kwa hiyo msiogope urefu. Wenye kifaa kimoja tu kinachofanya kazi zote mbili wamuombe fundi wa kampuni ahamishe tundu la faiba, au wavute waya kama wetu na kuweka rauta ya pili mwisho wake.

Rauta tuliipandisha kwenye kirafu kimefu cha mtu kusimama, juu ya migongo ya makochi na vichwa vya wapita njia. Ina antena mbili. Antena iliyosimama husambaza mawimbi yake zaidi kwa ubavuni, kama duara za maji mwalimu wetu wa sayansi, skuli ya misheni, alizotuonesha kwa kudondosha kijiwe kwenye karai. Juu ya ncha yake hapafiki kitu sana. Kwa hiyo moja tuliisimamisha kwa ajili ya chini, na moja tukailaza kwa ajili ya ghorofa ya juu. Kama yako haina antena za nje, isimamishe kama mtengenezaji alivyokusudia, usiilaze ubavu kwa kutafuta nafasi.

Mke wangu hakupendezwa. Kisanduku cheusi chenye taa zinazokonyeza, katikati ya nyumba, kila mgeni akione! Siku ya pili nikakuta amekifunika kwa kitambaa cha kufuma, kizuri kweli. Nikamwambia kitambaa hakizuii mawimbi, lakini kinaziba matundu ya kupumulia. Rauta nyingi zimetengenezwa kustahimili joto la chumba la nyuzi 40 tu, na hili ni jambo ambalo sisi wa huku tunalisahau: majlisi isipokuwa na wageni tunazima kiyoyozi, na mwezi wa Julai ndani ya lile kabati palikuwa tanuri. Huenda nusu ya kukatika kwetu kulikuwa ni rauta kuzimia kwa joto. Kitambaa kimehamia kwenye meza ya simu.

Neno juu ya vile viongeza nguvu vinavyochomekwa kwenye umeme. Mkwe wangu alitununulia kimoja zamani, tukakichomeka chumbani, mahali pasipofika kitu, nacho kikawa kasuku asiyesikia maneno ya kurudia. Mahali pake ni nusu ya njia, pale waifai ingali na nguvu. Hata hapo, vile vya bei nafuu husikiliza na kusema kwa zamu, na kasi hupungua kama nusu. Mwenye nyumba kubwa afadhali avute waya juu na kuweka kifaa cha pili, au anunue vile vifaa vinavyouzwa viwili au vitatu pamoja vikasaidiana. Lakini hamisha kwanza, nunua baadaye. Kuhamisha hakugharimu kitu, au kunagharimu waya tu.

Na muandike. Mimi karani siwezi kufanya jambo bila daftari. Nilipiga mistari: vyumba upande mmoja, mahali pa rauta upande wa pili, nikapima kila chumba mara tatu, asubuhi na usiku, kwa sababu usiku jirani wote wako mtandaoni. Msibadilishe mambo mawili kwa pamoja, la sivyo hamtajua lipi lililosaidia. Chumbani kwetu ilikuwa megabiti 3 kwa sekunde, mara nyingine hata kipimo hakimaliziki. Chini ya ngazi, ikawa 38. Jikoni pekee palishuka kidogo, na hakuna aliyelalamika.

Ijumaa iliyopita tulimpigia dada. Picha ikatulia, na miwani yake mpya usoni. Akaniangalia muda mrefu bila kusema, mpaka nikadhani imeganda tena, nikaanza kunyanyuka kwenda kwenye ngazi.

"Kaa chini," akasema. "Nakuona vizuri leo. Mbona umezeeka hivyo, mdogo wangu?"