Kisima Kikiingia Chumvi, Usikichimbe Zaidi

Swali ninaloulizwa mara nyingi mitaani siku hizi si la siasa, ni la maji. "Kisima chetu kilikuwa kitamu tangu enzi za babu, mbona sasa kimeingia chumvi?" Na aghalabu swali hilo huja na jibu lake: fundi ameshasema kichimbwe zaidi, eti maji matamu yako chini. Leo nataka tulieleze jambo hili taratibu, kwa sababu ushauri huo unawala watu pesa na kuharibu hata visima vya majirani.

Kwanza tujue maji ya kisima yanatoka wapi. Wengi hudhani chini ya ardhi mna mto au ziwa lililofichika. Kwetu pwani mara nyingi sivyo. Mvua ya masika na ya vuli inaponyesha, sehemu yake huzama kwenye mchanga na kwenye mawe ya matumbawe, ambayo yana vitundu vingi kama dodoki. Maji hujaza vitundu hivyo na kukaa humo. Kisima ni shimo tu ulilochimba mpaka ukafika pale ambapo vitundu vimejaa.

Lakini ardhi hiyo hiyo imepakana na bahari. Maji ya bahari nayo huingia kwenye vitundu kutoka pembeni, yakapita mpaka chini ya nchi kavu. Kwa hivyo chini ya kisiwa kama Mombasa au Lamu kuna maji ya aina mbili: matamu juu, ya chumvi chini. Hayachanganyiki upesi kwa kuwa uzani wake si mmoja. Lita moja ya maji matamu ni kama gramu 1,000, na lita moja ya maji ya bahari ni kama gramu 1,025. Tofauti ni gramu 25 tu, lakini yatosha kuyafanya matamu yaelee juu ya yale ya chumvi.

Ukitaka kuliona kwa macho, tia maji kwenye glasi mpaka nusu, ukoroge vijiko viwili vya chumvi na rangi kidogo ya chakula. Kisha mimina maji matamu polepole sana juu ya kijiko kilichogusa uso wa maji yale. Utaona tabaka mbili, zimekaa moja juu ya nyingine. Hivyo ndivyo ilivyo chini ya nyumba zetu.

Sasa tufanye hesabu, maana siri yote imo humo. Chukua mahali ambapo maji matamu ardhini yamesimama mita 1 juu ya usawa wa bahari. Ili mizani ilingane, maji hayo matamu yatakuwa yameshuka mita 40 hivi chini ya usawa wa bahari. Jumla ni mita 41 za maji matamu, kila moja kwa uzani wa 1,000, yaani 41,000. Upande wa pili ni mita 40 za maji ya bahari kwa uzani wa 1,025, nazo pia ni 41,000. Kanuni hii ilielezwa zaidi ya miaka 100 iliyopita na Badon Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, nchi ambazo nazo zina fukwe za mchanga na visima kama sisi. Kwenye ardhi halisi mpaka haukatiki kama kwa kisu. Katikati pana maji ya mchanganyiko. Lakini kanuni yatuonyesha njia.

Igeuze hesabu hiyo sasa. Pampu ikiyashusha maji matamu nusu mita tu, mizani inataka maji ya chumvi yapande mita 20. Hayapandi siku ile ile, lakini yameshaanza safari. Na chini ya pampu yenyewe hupanda kwa umbo la kichuguu, ncha yake ikielekea pale panapovutwa maji. Kwa hivyo anayechimba zaidi hayafuati maji matamu. Anakwenda kukutana na chumvi njiani.

Hapa ndipo tunapoona kwa nini visima vya zamani vilidumu. Ndoo na kamba huchota juu, kidogo kidogo, na usiku kisima kikapumzika. Pampu huwekwa chini, ikavuta saa nyingi mfululizo kujaza matangi ya ghorofa zenye wapangaji kadhaa. Wakati huo huo ua ambao mvua ilikuwa ikizama umemiminwa saruji, na maji yote yakimbilia baharini. Tunatoa zaidi, tunaingiza kidogo. Bahari inayopanda kwa ajili ya joto la dunia inaongeza shida, lakini pampu ndiyo iliyo mikononi mwetu.

Na chumvi haihitaji kuwa nyingi. Ndoo ya lita 20 ya maji matamu ukiitia nusu lita tu ya maji ya bahari, ulimi utaihisi. Kuchemsha hakusaidii: huua vijidudu, lakini chumvi hubaki pale pale, tena ikakolea kidogo. Kwa mgonjwa wa presha aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi, hilo si jambo dogo.

Hasara hii haiishii uani kwako, maana vitundu vya ardhi havijui ukuta wala hati ya shamba. Kwa sababu hiyo mimi naviona vilima vya mchanga vya Shela kuwa ni birika la watu wote wa mji wa Lamu. Mvua inayonyesha pale huzama haraka, na visima vya nyuma ya vilima hivyo ndivyo vinavyonywesha mji. Kila nyumba inayojengwa juu yake hupunguza mdomo wa birika hilo. Mombasa nayo hutegemea maji kutoka mbali, Mzima, Marere, Baricho na Tiwi, na mifereji inapokauka kila mtu hukimbilia kisima.

Tufanye nini basi? Kisima kikianza kuonja chumvi, punguza kuvuta, usichimbe. Inua pampu iwe karibu na uso wa maji. Vuta kidogo kwa vipindi badala ya kwa mkupuo. Haba na haba hujaza kibaba. Visima viwili vifupi vinavyovutwa polepole ni salama kuliko kimoja kirefu kinachokamuliwa. Maji ya paa la nyumba yakinge kwa birika au tangi, na ua uache sehemu ya mchanga mvua izame. Chumvi ikishaingia, kuisukuma nje huchukua misimu mingi ya mvua, pengine miaka.

Na anayetaka kuchimba kwa mashine, Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inamtaka awe na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Majirani wana haki ya kuuliza kibali hicho kiko wapi, na maji yatavutwa kiasi gani kwa siku. Fundi akikwambia tamu liko chini, nawe muulize swali moja: usawa wa bahari uko mita ngapi kutoka hapa tuliposimama? Akiwa hana jibu, usimpe hata shilingi.